Mnyoo anaeweza kukaa na mtu zaidi ya miaka 30, na mbwa wa nyumbani nae yumo

Ukitaja minyoo wengi wanawaza ile mirefu inayotoka na choo cha mtoto, sasa huyu wa leo huwezi kumuona kwa macho, jike ana milimita 2 tu hivi, kajichimbia kwenye ukuta wa utumbo mdogo na anazaa bila dume. Kitaalam anaitwa Strongyloides stercoralis. Yupo kwa watu, yupo kwa mbwa.

Anaingilia kwenye ngozi. Mwenye nae akijisaidia ovyo, kinyesi kinatoka na lava hai, yaani minyoo michanga (sio mayai kama minyoo ya safura), zikipata udongo wa joto wenye unyevu siku moja mbili tu zishakomaa, we unapita peku zinapenya unyayoni hata hushtuki, zinafika mapafuni, zinapanda kooni, unazimeza na mate, hao utumboni.

Ila kinachonitisha sio hicho. Lava zingine hukomaa humohumo tumboni zikaanza mzunguko upya, kwa iyo mtu anaweza kuhama kijijini, akavaa viatu maisha yake yote na mnyoo asiishe. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani vita ya pili ya dunia wakajengeshwa reli ya Burma na Thailand, kuna waliokuja kupimwa Liverpool zaidi ya miaka 30 baadae na bado walikuwa nae! Baadhi walikuwa wanatokewa na mstari mwekundu unaowasha makalioni au mapajani, unatembea sentimita kadhaa ndani ya saa moja. Wengi wenye mnyoo huyu hawahisi kitu.

Balaa linakuja mtu kama huyo akipewa steroidi, iwe predinisoloni au deksamethasoni, ile iliyotumika sana kipindi cha korona. Kinga inalegea, lava zinaongezeka kwa fujo na kutapakaa hadi kwenye ubongo, zinabeba na bakteria wa utumbo kuwaingiza kwenye damu, na wengi wakifikia hapo hawaponi. Na hizi dawa kuna dada zetu wanazinunua mtaani wanameza ili wanenepe, jamani acheni. Kama daktari ndo anataka kukuanzishia, mwambie umekulia wapi na kama ulikuwa unatembea peku, akupime kwanza.

Kwenye kupima nako kuna mtihani. Lava zinatoka chache na sio kila siku, kipimo kimoja cha choo kikisema hamna usishangilie. Maabara yenye uwezo wanaotesha choo kwenye sahani ya aga (kitu kama jeli cha kuoteshea vijidudu), baada ya siku moja mbili wanaona vijinjia vya bakteria vimejichora kila lava ilipopita. Choo kiwe kibichi, usikiweke kwenye friji maana baridi inaziua.

Tiba ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 anapata miligramu 12. Albendazo ya kawaida inasaidia ila ni dhaifu kwa huyu. Ndugu zetu wa misitu ya Kongo kwenye loaloa (mnyoo wa macho) msimeze kiholela, mwenye loaloa nyingi kwenye damu anaweza kudhurika ubongo. Na ile sindano ya ng'ombe sio ya kunywa, tafadhali!

Sasa mbwa. Uchunguzi wa vinasaba Kambodia ulionyesha kuna aina mbili, moja inakaa kwa mbwa tu, nyingine inakaa kwa mbwa na kwa watu, kwa hiyo kutibu familia mbwa ukamuacha ni kazi nusu. Mbwa mkubwa mara nyingi anaonekana mzima, watoto wa mbwa ndo wanaharisha, wanakohoa na kukonda, na wanaweza kuupata hata kwenye maziwa ya mama yao. Zoa kinyesi kila siku, banda likauke, lava hazivumilii ukavu. Dawa apimiwe na daktari wa mifugo, haswa kama ni jamii ya koli (mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo), wengi wao ivamektini ikizidi kidogo wanalewa, wanatetemeka na wanaweza kufa. Akimaliza dozi apimwe tena.