Mkojo umerudi, lakini figo bado inatafuta oksijeni

Wodini tunaliona sana hili: mama katokwa damu nyingi baada ya kujifungua, presha ikashuka, siku mbili mfuko wa mkojo una kidogo tu, cheusi kama chai ya rangi, halafu siku ya nne ya tano unaanza kujaa na ndugu wote wanashukuru Mungu. Na sisi tunafurahi kwa kweli. Ila ndani, kwenye figo zilizojeruhiwa presha iliposhuka, kazi bado mbichi.

Figo zinapata karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo, lakini sehemu yake ya ndani inaishi kwa oksijeni kidogo hata kwa mtu mzima wa afya, maana mirija ya huko inafanya kazi nzito ya kurudisha chumvi mwilini, kwa hiyo presha ikishuka hapo ndo panaumia sana.

Sasa seli ina protini inaitwa HIF. Inatengenezwa muda wote na kuvunjwa muda wote, na kuivunja kunahitaji oksijeni, so oksijeni ikipungua HIF inajazana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kujihami: choma sukari bila oksijeni, ita mishipa mipya, tengeneza homoni ya eritropoetini damu iongezeke. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata tuzo ya Nobel 2019 kwa kufumbua mambo haya, na Ratcliffe ni daktari wa figo kabisa.

Siku za mwanzo ishara hii inaokoa seli. Shida ni ikikaa wiki na wiki, kwa sababu vile vimishipa vidogo vilivyokufa havirudi vyote, na seli zilizokuwa zinavishikilia zinahama na kuanza kutengeneza kovu, kovu linabana, oksijeni inapungua tena, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote!

Kuna vidonge vinavyozuia HIF isivunjwe, kama roxadustat, ila hivyo ni vya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo sugu, sio vya kutibu jeraha hili, tafadhali usivitafute.

Unachoweza: achana na dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki, na miezi mitatu ikifika pima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na protini kwenye mkojo. Mama uliyejifungua, siku unampeleka mtoto chanjo ya wiki 14, pitia na maabara.