Kabla hujafunga antena fupi kwenye Harley au Gold Wing, soma hii kwanza

Wateja wangu huku Marekani swali lao ni lilelile, nikitoa ile fimbo ndefu ya nyuma nikaweka kale kafupi ka sentimita 15 au 20, redio itashika? FM itashika, AM sahau, na kama pikipiki ina CB (ile redio ya kuongea na madereva wengine barabarani) usiguse kitu mpaka ujue antena ipi ni ya nini.

Urefu ule haukuwekwa kwa urembo jamani. Kwenye 100 MHz wimbi moja lina mita 3, robo yake sentimita 75, na hapo ndipo fimbo inaponasa FM vizuri. Hizi fupi ndani ya mpira wanazungusha waya kama springi, inasaidia kweli, ila kinachonaswa hewani bado ni kidogo. Mjini hutaona tofauti maana stesheni ziko karibu na zina nguvu, shida inaanza ukiwa barabara kuu katikati ya mji na mji, stesheni uliyokuwa unaipata safi inaanza kukwaruza mapema na ikishaanza haikawii kupotea. AM ndo mbaya zaidi, wimbi la 1000 kHz lina mita 300 kwa hiyo hata fimbo ya kiwandani ilikuwa fupi tayari, ukiikata tena unabaki na kelele tu. Kama wewe ni wa kusikiliza baseball kwenye AM acha fimbo yako ilivyo.

Sasa hii ya CB nasisitiza sana. Harley za Ultra nyingi zina fimbo mbili zinazofanana, moja ya redio, nyingine ya CB, na CB inarusha mawimbi, watt 4 kwenye 27 MHz. Ukifunga kale kafupi upande wa CB, nguvu haitoki yote hewani, sehemu inarudi kwenye mashine na ukiongea muda mrefu unaweza kuunguza transista ya kurushia. Fuata waya mpaka mwisho ujue unaishia wapi, usikisie.

Kufunga kwenyewe ni dakika chache, hakikisha tu nyuzi za bolti zinalingana, ikikataa kwa mkono usilazimishe na spana. Muhimu ni hasi, yaani muunganiko wa antena na chuma cha fremu (ground): pale kitako cha antena kinapokaa pakiwa na kutu au rangi, safisha mpaka uone chuma kinang'aa, halafu shika multimita, iweke kwenye ohm, upime kati ya ganda la waya wa antena na fremu, isome karibu na ohm sifuri. Antena fupi haina ziada ya kufidia hasi mbovu, ile ndefu ilikuwa inakufichia.

Ukimaliza tafuta stesheni dhaifu, washa injini, vuta mafuta. Kelele ikipanda na kushuka na injini basi antena haina kosa, angalia hasi tena, kisha angalia kama plagi ni zile zenye rezista, ndizo zinazopunguza kelele kwenye redio.