Nini maana ya "kumwokoa" farasi wa kazi?

Anayefuatilia habari za wanyama lazima amewahi kukutana na maneno haya: farasi wa kazi ameokolewa. Picha ya kwanza ni ya mnyama aliyekonda, mbavu zinahesabika, mgongoni ana kidonda kipana kama kiganja. Picha ya pili ni yule yule, amenenepa, amesimama kwenye majani mabichi. Mimi huwa namtafuta mtu mmoja katika picha ya pili na simwoni: mwenye farasi. Ameenda wapi? Na kesho yake mzigo aliubebea nini?

Neno "kuokoa" linabadilika maana kulingana na jibu la swali hilo. Lakini kwa sisi wa Goma kuna jambo la kumalizana nalo kwanza, maana mtoto wa hapa anaweza kukua mpaka akaoa bila kumwona farasi ila kwenye televisheni.

Mnyama wa kazi ni yule anayefugwa kwa ajili ya nguvu zake. Si wa nyama wala wa maziwa: anavuta, anabeba, analima. Farasi, punda na nyumbu (namaanisha yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike, si yule wa porini) wanaofanya kazi duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100, na wengi wao wako mikononi mwa watu wasio na kitu kingine cha kuwaingizia fedha. Pakistani na India wanavuta matofali kutoka kwenye tanuri. Ethiopia wanavuta abiria mijini, na nchi hiyo ndiyo yenye punda wengi kuliko zote duniani. Kwa msemaji wa Kiswahili mfano wa karibu ni Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa gari na punda ndiye lori la saruji na mchanga. Huko, tangu mwaka 1987, kuna mahali ambapo punda hutibiwa bila malipo, pamefunguliwa na The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969.

Kwa nini basi si sisi? Sababu kubwa ya kale ni mdudu. Mbung'o hueneza ugonjwa uitwao nagana, na farasi hafui dafu mbele yake. Akiponea hapo, kuna ugonjwa mwingine, unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi, na huo huua upesi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliagiza tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, kuona kama wangeweza kubeba mizigo ya safari za kuelekea Ziwa Tanganyika mahali ambapo farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa njiani. Jaribio halikufua dafu nalo. Mzigo ukarudi palepale ulipokuwa: kwenye kichwa na bega la mpagazi. Hata Kiswahili chenyewe kilifika Maniema na Kivu kwa miguu, midomoni mwa watu wa misafara. Hakikuja juu ya tandiko.

Na hapa mjini mrithi wa mpagazi anajulikana. Jirani yangu ni mwendesha chukudu, lile gari letu la mti la magurudumu mawili linalosukumwa kwa mguu, anashusha viazi na kabichi kutoka upande wa Kibumba. Nilipomwambia naandika habari za farasi wa kazi alinitazama kwa huruma kidogo.

"Mutoto yangu," akasema, "hapa kwetu farasi njo miye."

Nimemchukua kama mwalimu wangu katika jambo hili, na utaona kwa nini.

Mahali ambapo farasi wapo, wanaowahudumia hawasemi sana "kuokoa". Wanasema ustawi wa mnyama wa kazi. Watu huchanganya ustawi na haki za wanyama, na si kitu kimoja. Mwenye kutetea haki anaweza kukuambia kwamba binadamu hana ruhusa ya kumfunga mnyama lijamu hata kidogo. Mwenye kutetea ustawi anakubali kwamba farasi atafanya kazi, kisha anauliza: anaifanya katika hali gani? Methali yetu ya "afe punda, mzigo wa bwana ufike" imejibu swali hilo zamani, na imejibu vibaya hata kwa hesabu ya bwana mwenyewe, kwa sababu mzigo wa kesho nao unahitaji punda.

Kipimo kinachotumika zaidi kilianzia kwenye mabanda ya mifugo, si kwenye mikokoteni. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell iliiambia serikali ya Uingereza kwamba mnyama, kwa uchache, aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kufikia mwaka 1979 maneno hayo yalikuwa yamepanuliwa na kuitwa uhuru tano: asipate njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia za jinsi yake, na asiishi kwa hofu. Kwa wanyama wa kazi hasa, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha sura maalumu katika kanuni zake mwaka 2016. Ni nyaraka nzuri. Farasi hazisomi, na mara nyingi mwenye farasi pia hajawahi kuziona, kwa hiyo tuziache tushuke mpaka kwenye maji.

Farasi mkubwa anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na akivuta mkokoteni juani anapita hapo. Weka hesabu hiyo kwa bidoni zetu za njano za lita 20: mbili mpaka tatu, kila siku, kwa mnyama mmoja. Sasa mfikirie mtu anayenunua maji kwa bidoni, mwenye watoto watano, na farasi. Ukimkuta farasi wake ana kiu, usikimbilie kusema ni mkatili. Pengine ni mkatili, wapo. Lakini mara nyingi umemkuta mtu aliyegawa bidoni tatu mahali panapohitaji saba, na farasi akawa wa mwisho kwenye foleni. Tena farasi akikosa maji huku anakula makavu, chakula kinaweza kumkwama tumboni, na yeye hana uwezo wa kutapika. Msokoto huo wa tumbo unaweza kumwua kabla ya siku kuisha.

Ukondefu nao una kipimo kisichohitaji mashine. Kunja ngumi, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Kama mbavu za farasi ukizigusa zinafanana na hivyo, amekonda kupita kiasi. Fungua ngumi, nyoosha mkono, pitisha vidole juu ya mgongo wa kiganja: mifupa unaisikia lakini imefunikwa. Hapo ndipo anapotakiwa kuwa. Ukigeuza kiganja na kupapasa upande wa ndani, mifupa ikapotea, huyo amenenepa mno. Muhimu ni kugusa, kwa sababu manyoya marefu hudanganya macho. Nilimwonyesha jirani yangu, akaingiza mkono chini ya shati, akapapasa mbavu zake mwenyewe kwa makini, akatoa jibu: "Ngumi."

Kisha vidonda. Hapa ndipo palipo na mateso mengi yasiyo na nia mbaya. Tandiko lisilotoshea, shogi (mifuko ya mzigo ya mgongoni) iliyoegemea upande mmoja, kamba ya nailoni iliyopita kifuani badala ya mkanda mpana, msumari uliotokeza kwenye mti wa mkokoteni: kila hatua inasugua palepale. Kufikia wiki ya pili ngozi imeondoka, nzi wamefika, na kila asubuhi tandiko linarudishwa juu ya kidonda kilekile. Katika nchi nyingi watu hupaka mafuta machafu ya injini, au hata maji ya betri, wakiamini yanakausha. Yanachoma nyama iliyobaki. Kinachosaidia ni cha jikoni: maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi, kuoshea polepole, na kuondoa kile kinachosugua. Bila hilo la mwisho unaosha bure. Na usidharau tundu dogo la msumari kwenye kwato. Kiswahili kiliita tetanosi pepopunda, na kweli farasi na punda ni katika wanyama wanaoipata kwa urahisi mno. Chanjo ipo.

Nilipoeleza habari ya kusugua, jirani yangu hakuhitaji maelezo ya pili. Kwenye ubao wa chukudu lake, pale anapopiga goti moja huku mguu wa pili ukisukuma, amepigilia kipande cha ndara kuukuu. Aliniambia kabla ya kukiweka goti lilivimba mwezi mzima. Anajua pia kwamba viazi vikipangwa mbele sana chukudu linapiga pua kwenye mteremko, na vikirudi nyuma sana usukani unakuwa mwepesi na haumsikilizi. Mkokoteni wa magurudumu mawili una hesabu hiyohiyo, isipokuwa kosa la kupanga analilipa mgongo wa farasi. Mtu wa chukudu ukimpa farasi leo, nadhani angemfunga vizuri kuliko mwenye shahada.

Sasa turudi kwa yule mtu anayekosekana kwenye picha.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, jeshi la Uingereza liliuza maelfu ya farasi wake huko Misri badala ya kuwarudisha kwao. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi hilo, alifika Cairo akawakuta waliobaki: wazee, wengine viwete na vipofu, wangali wanavuta mikokoteni. Mwaka 1931 barua yake ilichapishwa kwenye gazeti la Morning Post la London, michango ikamiminika, na katika miaka michache akanunua farasi kama 5,000. Usidhani walipelekwa malishoni. Wengi walikuwa wamekwisha kabisa: walipumzishwa, wakalishwa wakashiba, kisha wakauawa bila maumivu. Huo nao ni uokoaji, ingawa haupigwi picha.

Lakini Cairo ilikuwa na farasi na punda wengine wengi ambao hawakuwahi kuona vita, na huwezi kuununua mji. Ukimlipa mtu fedha taslimu kwa farasi mgonjwa, anakwenda sokoni kutafuta mwingine, na kwa bei aliyopata atapata dhaifu vilevile. Ukimnyang'anya bila kumlipa, umeivunja nyumba yake, na jirani zake watawaficha farasi wao wakikuona unakuja. Mwaka 1934 Bibi Brooke alifungua hospitali ya kuwatibu bure wanyama wa maskini wa Cairo. Mnyama anatibiwa, mwenyewe anafundishwa, wote wawili wanarudi nyumbani. Shirika lililotokana na hospitali hiyo bado linafanya kazi.

Hiyo ndiyo maana ya pili ya kuokoa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito. Kumtoa farasi kwa mwenyewe kuna mahali pake: anayempiga kwa makusudi baada ya kuonywa, au mnyama aliyetupwa barabarani kwa kuwa hana nguvu tena. Kwa wengine wote, unamwokoa farasi huku akibaki palepale alipo.

Najua ubishi ambao nitaupata hapa Goma. Watu wamelala kwenye mahema, wewe unaongelea kidonda cha punda? Ubishi huo ungekuwa na nguvu kama mnyama wa kazi angekuwa pambo. Chukudu likivunjika gurudumu, nyumba ya jirani yangu inajua siku hiyohiyo, saa ya kupika. Farasi wa mvuta matofali ni chukudu linaloumia.

Swali gumu zaidi lilitoka kwa jirani yangu, na ndilo ambalo vitabu hulipitia haraka. Daktari wa mifugo akishamwona farasi mwenye kidonda cha mgongo, dawa ya kwanza anayoandika ni mapumziko. "Na siku zile zenye atalala," akauliza, "njo nani atalisha watoto?"

Kuna majibu, yote nusunusu. Wahudumu wengine huwafuata wanyama sokoni mchana, wakati mzigo unateremshwa, ili matibabu yasile saa za kazi. Mnyama aliyeumia mgongoni huweza kuhamishwa kutoka kubeba hadi kuvuta, kama kifua chake ni kizima. Ikishindikana kabisa kusimama kazi, hutengenezwa godoro la tandiko lenye tundu mahali pa kidonda, uzito uzunguke pembeni. Si tiba, lakini kidonda hakichimbwi tena. India, wenye farasi wamejiunga vikundi, kila mmoja anatoa kidogo kila wiki au mwezi, na farasi wa mmoja akilala, mwenyewe anakopa humo.

"Aa, likelemba," jirani yangu akasema, kwa jina letu la mchezo wa kuchangiana fedha na kupeana kwa zamu. Hapo akakaa chini kwenye chukudu lake, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuongea. "Na mwenye anaanza kukula, ni nani?"