Diplomi ingali moto, tayari unataka MBA?

Kila mwaka vijana wakimaliza lisansi hapa Lubumbashi wananiandikiaka swali lile lile: mukubwa, nitume dosye ya MBA, ile masters ya kuongoza biashara, sasa ama ningoje? Mi nawaambia ngojeni. Juu darasa la MBA linakula yale wanafunzi wamekuja nayo. Pale Harvard, Amerika, wanasoma kisa cha kampuni fulani halafu wanafunzi wenyewe njo wanabishana, sasa wewe hujawahi kulipa mtu mshahara wala kugombana na mteja, siku hiyo utasema nini?

UCT, chuo kikuu cha Cape Town kule Afrika Kusini, wanaomba angalau miaka 3 ya kazi, INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, wengi wanaingia na kama 5 ama 6. Harvard wana njia inaitwa 2+2, unaomba ukiwa mwaka wa mwisho wa masomo, ila hata ukikubaliwa unaenda kwanza kufanya kazi miaka 2 au zaidi. Na staji ya miezi miwili wakati ungali mwanafunzi haihesabiwi sana, wanaangalia kazi ya siku nzima kisha diplomi.

Lakini miaka peke yake haitoshi, hapa njo dosye nyingi zinaanguka. Kijana mmoja alikuwa na miaka 4 kwenye usafirishaji wa shaba, kwenye CV kaandika tu "nilishughulika na logistiki". Tulikaa, nikamuuliza na kumuuliza mpaka ikatoka: malori yalikuwa yanalala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, juu ya makaratasi, na yeye njo alipanga yawe tayari kabla lori halijatoka kiwandani, siku za kungoja zikapungua. Ndugu yangu, hiyo njo kazi yenyewe! Na alikuwa ameificha.

Duka la mama nalo usilidharau. Kama wewe njo unashika daftari la madeni, unapanga bei dola ikipanda, unaamua nani apewe mali ya mkopo na nani anyimwe, andika hivyo, na namba zake. Shida ni barua ya kukushuhudia tu, shule zinataka ya mkubwa wako wa kazi na mama hawezi kukushuhudia, kwa hiyo tafuta mtu anayewauzia mali, aliyekuona ukikosea na ukirekebisha.

Uko kazini tayari? Nunua kaye leo, kila Ijumaa andika uliamua nini na ikaleta nini. Kisha miaka 3 utakuwa umesahau.