Hata Mertesacker roho ilikuwa inamchafuka

Kuna kijana mmoja wa bajaji, nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane na mwenyewe kaniruhusu niandike, alikuja kwangu mwaka jana na bahasha ya kaki imejaa makaratasi. Malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, sukari, na ile karatasi ndefu ya mistari ya kipimo cha moyo, ya kubandikwa waya kifuani, kafanya mara mbili. Vyote safi. Sehemu ya mwisho alikopita wakamwambia huna ugonjwa wewe acha kujiendekeza, akarudi zake Makorora na moyo ule ule unaokimbia, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, na ana uhakika kabisa hafiki asubuhi. Kwangu hakutaka kuja. Aliletwa na dada yake, na alivyoona mlangoni pameandikwa afya ya akili akataka kugeuza.

Mi ni mwanasaikolojia tiba, niko hapa Tanga mjini mwaka wa tisa sasa, na hicho kitendo cha kutaka kugeuza mlangoni nakiona karibu kila wiki. Mtu akisikia "akili" anasikia kichaa, anamuona yule anayeokota makopo stendi, anasikia matusi ya Milembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Sasa yeye ana kazi, ana mke, anaswali, bajaji anaendesha vizuri, huko Milembe anaingiaje?

Basi siku hiyo sikuanza na maelezo ya kitaalamu. Nikamuuliza, mdogo wangu, unashabikia timu gani, akasema Coastal, na Ulaya Arsenal. Nikamwambia unamkumbuka Mertesacker? Yule beki mrefu wa Arsenal, alichukua kombe la dunia 2014 na Ujerumani. Huyo bwana mwaka 2018, akiwa anakaribia kustaafu, aliongea na gazeti la Der Spiegel la kwao akasema siku ya mechi tumbo linamuendesha, na dakika chache kabla ya mpira kuanza roho inamchafuka anahisi kutapika mpaka machozi yanamtoka, anageuza uso pembeni ili watu wasimuone. Na kwamba 2006 Ujerumani ilivyotolewa na Italia nusu fainali ya kombe la dunia, tena nyumbani kwao, aliumia ndiyo, ila zaidi ya yote alijisikia ametua mzigo, kwamba sasa yameisha.

Yule kijana akanyamaza. Alafu akasema, "Tumbo? Hata yeye tumbo?"

Hapo ndo nataka mnielewe, kwasababu watu wananiuliza sana hivi hawa mastaa kusema hadharani wana wasiwasi kunasaidia nini. Kunasaidia, lakini sio wote kwa kiwango kimoja. Staa anayesema "napitia changamoto za afya ya akili" kwa mtu wangu wa Makorora hajasema kitu, hayo ni maneno ya semina. Anayesema tumbo, jasho, pumzi, kugeuza uso asionekane, huyo kaongea lugha ya mgonjwa wangu, maana huku kwetu hakuna anayekuja kliniki akasema nina hofu iliyopitiliza, anakuja anasema moyo unanienda mbio na kichwa kinakuwa chepesi.

Mwingine ambaye namsimulia sana ni Kevin Love wa mpira wa kikapu Marekani. Novemba 2017 akiwa na Cleveland wanacheza na Atlanta, katikati ya mechi moyo ukaanza kukimbia, pumzi hazipatikani, akatoka uwanjani akaishia chini sakafuni kwenye chumba cha nyuma. Wakampeleka hospitali, wakapima, hamna kitu. Mnaona? Bahasha ya kaki ile ile. Mechi iliyofuata akacheza akafunga pointi 32, na mwenyewe aliandika Machi 2018 kwamba alifarijika sana hakuna aliyejua kwanini alitoka siku ile. Mtu ana mwili ule, pesa zile, anafurahi kwamba siri haijatoka. Aibu haichagui jamani.

Hilo ndo shambulio la hofu, na mwilini kinachotokea ni hivi. Ubongo umepiga yowe la hatari wakati hatari haipo, adrenalini inamwagika, moyo unaongeza kasi kupeleka damu kwenye misuli kama vile unataka kukimbizwa na mbwa. Unaanza kuhema haraka haraka, na ukihema hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno kwenye damu, ndo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Sio jini, sio moyo kusimama. Shambulio la hofu linapanda mpaka kileleni ndani ya dakika chache tu, mara nyingi halifiki hata kumi, alafu linashuka lenyewe. Ila kipimo cha moyo fanya, hasa mara ya kwanza, siwezi kumwambia mtu kifua kinachobana apuuze.

Na dua siwakatazi. Mimi mwenyewe naswali, na mtu akinywa kombe alilosomewa, yale maji ya aya za Kurani, kwa imani yake siwezi kumdharau. Shida yangu iko kwenye neno. Wasiwasi kwetu Pwani ni wasiwasi wa shetani, ananong'ona moyoni, kwahiyo mtu akikwambia "nina wasiwasi" ni kama anakiri imani imepungua. Nimekaa na mama mmoja mtu mzima kabisa analia, hasemi anaumwa, anasema "nimemkosea nini Mungu". Unaona mzigo ulivyo, ugonjwa mmoja na hukumu juu yake. Nikamwambia mama yangu, mtu mwenye pumu pia anakosa pumzi na hakuna anayemuuliza habari ya imani yake. Alikaa kimya muda mrefu, akaomba maji.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na katika wanaohitaji matibabu wanaopata ni kama mmoja kati ya wanne. Tiba ipo. Maongezi ya kitaalamu ya kumfundisha mtu kuzielewa na kuzikabili hofu zake, na dawa kwa wanaozihitaji, ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, sio siku mbili kama panadoli.

Ila tusiwapambe mastaa kupita kiasi. Mcheza tenisi Naomi Osaka mwaka 2021 aligoma kuongea na waandishi kule Ufaransa, akapigwa faini ya dola 15,000, akajitoa kwenye mashindano akaeleza habari za sonona na wasiwasi wake. Nilimheshimu sana, lakini kijana wa bajaji akijitoa wiki moja hesabu ya tajiri mwenye bajaji haisubiri. Na mastaa wa hapa kwetu akijaribu mmoja tu kusema, mitandao inajaa "anatafuta kiki", hilo linaniuma kwasababu wagonjwa wangu wanazisoma zile komenti wakiwa kitandani usiku na wanajifunza kunyamaza.

Mwaka 2022 jarida la Lancet lilitoa ripoti kubwa ya wataalamu kuhusu unyanyapaa, na jibu lao ni kwamba kinachopunguza zaidi ni watu kukutana na kuzungumza na aliyeyapitia. Staa wa kwenye simu anafungua mlango, lakini anayekuvuta mkono uingie ni mtu unayemjua.

Kijana wangu alihudhuria miezi mitano. Sikumwambia amsimulie mtu. Alisimulia mwenyewe, kijiweni kwao Ngamiani, kwenye kahawa, mechi ya Arsenal inasubiriwa, wakamcheka kidogo alafu mmoja akaacha kucheka. Wiki mbili baadae mlangoni kwangu kasimama baba wa miaka hamsini hivi, kofia mkononi, hajasoma kibao cha mlangoni wala nini, anasema, "Dokta, nimeambiwa hapa mnatibu ule wa Mertesacker."

Nikamwambia karibu baba, kaa, nieleze tumbo linaanza saa ngapi.