Gari la zamani likimisi: yanayosemwa gereji na yanayoonekana kwenye kipimo

"Likimisi, badilisha plagi." Kumisi ni silinda kukosa kuunguza petroli kwa wakati wake. Ushauri huu hupatia mara moja moja, ndiyo maana haufi. Chukua Corolla za AE110 na AE111, zenye injini za 5A-FE na 4A-FE. Plagi zake zimezama ndani ya visima kwenye kava ya valvu. Sili za visima zikikauka, oili huvujia humo na kuharibu mpira wa waya wa plagi, na umeme hurukia kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye ncha. Plagi mpya ndani ya kisima chenye oili ni hela iliyotupwa. Badilisha sili, kausha visima, kisha pima waya kwa mita: kila mmoja usizidi kilo-ohm 25. Fungua na kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, utafute nyufa, mistari myeusi na ncha zilizolika. Plagi ya NGK yenye 11 mwishoni mwa namba inataka nafasi ya milimita 1.1, anayeibana ili gari litulie anaficha koili (inayozalisha umeme wa cheche) au waya dhaifu.

Kabla ya kununua chochote, jiulize gari linamisi wakati gani. Likitetemeka hujakanyaga mafuta, kisha likatulia ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia pasipotakiwa: mipira ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi. Likimisi mlimani, shuku umeme, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa cheche huruka kwa shida. Lisipokohoa ila likaishiwa nguvu kadiri unavyozidi kukanyaga, anza na filta na pampu ya mafuta.

Kuvuta waya za plagi moja moja injini ikiunguruma ni wazo zuri kwa njia mbaya. Umeme ule hupiga mtu, huweza kuua koili, na petroli isiyoungua huenda kupikwa kwenye masega ya ekzosi, yaani kisafisha moshi. Chomoa soketi ya nozeli, inayonyunyizia petroli, badala yake. Silinda ambayo ukichomoa mlio haubadiliki ndiyo yenye kasoro. Hamishia plagi yake silinda ya jirani: tatizo likihama nayo, umeipata. Lisipohama, pima nozeli. Kwenye injini hizi usomaji mzuri ni kama ohm 13 hadi 14.

"Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo hakuna kitu." Kompyuta za Corolla nyingi za Japani za miaka ya 1990 hazihesabu kumisi kabisa. Kazi hiyo ilikuja na OBD-II, mfumo wa gari kujipima lenyewe, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari kuanzia toleo la 1996. Hata hivyo zina kumbukumbu ya hitilafu nyingine: unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha DIAGNOSTIC, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu mimweko ya taa. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu.

Dhana inayokula hela nyingi kuliko zote ni "injini imechoka, tafuta nyingine". Hukumu hiyo haitolewi kwa sikio. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi za distribyuta na nozeli, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mpaka mshale usipande tena. Usipokanyaga, hewa haiingii vya kutosha na injini nzima itaonekana mbovu. 4A-FE nzuri hutoa karibu psi 190. Kikomo cha chini ni 142, na silinda zisitofautiane zaidi ya 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na kipimo hushuka vivyo hivyo, kwa hiyo huko angalia zaidi tofauti kati ya silinda. Iliyo chini itie kijiko cha chai cha oili upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi, hasa kama silinda mbili zilizopakana zote ziko chini. Valvu zisizokaa vizuri huenda zimebana tu: injini ikiwa baridi, za kuingiza zinataka nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa kubwa zaidi kidogo.

Na masega? Kuyatoa hakuongezi nguvu ya maana kama hayajaziba. Funga geji ya vakyumu, shikilia mizunguko 2,500: mshale ukishuka polepole bila kurudi, moshi hautoki. Mara nyingi kilichoyayeyusha ni kumisi kulikoachwa muda mrefu, na ukifunga mapya kabla ya kutibu silinda, yatafuata njia ileile.