Hofu ya Janga na Kuchelewa Kufika Hospitali: Maswali na Majibu

Swali: Idara ya dharura ni nini?
Jibu: Ni sehemu ya hospitali inayopokea, usiku na mchana, mgonjwa ambaye uhai wake uko hatarini. Si mahali pa kufuata cheti cha mapumziko ya kazini.

Swali: Je, ni kweli kwamba wakati wa UVIKO-19 dharura zilipungua?
Jibu: Waliopungua ni waliofika. Nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Aprili 2020, mahudhurio yalishuka kwa asilimia 42 yakilinganishwa na kipindi hicho hicho cha mwaka 2019.

Swali: Makundi yote yalipungua sawasawa?
Jibu: La. Watoto wa miaka 14 kushuka chini ndio walioadimika zaidi, na wanawake walipungua kuliko wanaume. Kwa watoto ipo sababu ya heri, kwani shule zilipofungwa hawakuambukizana mafua kama kawaida. Lakini moyo hautii amri ya kubaki nyumbani: katika wiki 10 baada ya Marekani kutangaza hali ya dharura tarehe 13 Machi 2020, waliofika kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 23, na wa kiharusi kwa asilimia 20. Nchini Kenya, kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku alitaabika kupata hata bodaboda, kwa kuwa madereva waliwaogopa polisi.

Swali: Kukiwa na mlipuko, si salama zaidi kusubiri nyumbani hadi asubuhi?
Jibu: Hapana. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Anayeletwa siku ya pili, baada ya jamaa kujadiliana kama ni upepo mbaya, tunampokea kwa heshima zote, ila dawa hiyo wakati wake umekwisha.

Swali: Na tukimpiga nyungu kwanza?
Jibu: Hapana. Mvuke haufungui mshipa wa moyo ulioziba, na sufuria ya maji yanayochemka imeunguza watoto wasio na ugonjwa wowote.

Swali: Mzee mwenye kisukari anahema kwa shida, lakini anaogopa kuambukizwa hospitalini. Tumsubiri atulie?
Jibu: Hapana, tena hapana. Mvalisheni barakoa na mje naye sasa hivi. Mlangoni mwambieni muuguzi kama ana homa au kikohozi ili atengewe nafasi yake, na mtaje saa hali hiyo ilipoanza.